Rambirambi Iliyoandikwa Kuwa Malipo

Katika jalada la chuo kikuu kimoja cha upande wetu wa Texas kuna sentensi inayosema kwamba familia ya kijana fulani wa Mansfield ilipokea malipo kutoka kwa mfadhili wa timu ya mpira. Nimefanya kazi ya utawala serikalini, nchini Kenya, tangu ujana hadi kustaafu, na ninajua jinsi sentensi ya namna hiyo inavyozaliwa. Kila neno lililomo linaweza kutetewa mbele ya wakili, na sentensi yenyewe ni uongo. Nimewaandikia waisahihishe. Wamenijibu kwa adabu kwamba suala limefungwa. Basi ninaeleza hapa jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu nilikuwapo.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinileta Mansfield baada ya mama yake kufariki. Jirani yetu mmoja alikuwa muuguzi pia, wa zamu ya usiku, mtu wa milimani kama mimi. Alikuwa mpole wa sura na mkali wa ulimi, na alikuwa na mke na mwana mmoja. Mwana huyo alikuwa mkubwa wa mwili kupita kiasi; alipoingia sebuleni kwangu kunisalimu, niliona taa ikipungua. Alicheza mpira ule wanaoubeba mikononi Wamarekani, na kazi yake uwanjani ilikuwa kupenya katikati ya watu wazito wenzake amfikie mrusha mpira wa upande wa pili kabla hajautupa.

Kila Ijumaa jioni katika msimu wa mechi, baba yake alinipitia akiwa amekwisha kuvaa sare ya hospitali, tukaenda kumtazama kijana akichezea shule yake, kisha yeye akaendelea na safari ya kazini. Mimi sikuuelewa mchezo huo. Naye hakuuelewa, lakini kutoelewa hakukumnyamazisha.

"Mzee," aliniambia siku ya kwanza, "mchezo huu ni kama kamati ya wizara. Wanakutana muda mrefu, wanatenda kidogo, halafu wanakutana tena kujadili walichotenda."

Nilimjibu kwamba kamati za wizara yangu zilitenda.

"Zilitenda lini? Barabara ya kwetu mpaka leo ni matope!"

Akapiga makofi kwa kelele, na majirani zetu wa benchi wakageuka, kwa kuwa wakati huo ilikuwa timu ya wageni iliyofanya vizuri.

Nilipata kumjua rafiki yangu katika Ijumaa hizo. Nataka ieleweke kwamba alikuwa mtu asiyeomba kitu. Makocha wa vyuo walipoanza kuja nyumbani kwake na kofia zao mikononi, aliwapa chai ya maziwa na mandazi, akawauliza kuhusu maktaba.

Ni lazima nieleze kidogo mambo ya vyuo hivyo, maana bila hayo jambo lenyewe halieleweki. Chuo cha kwetu na chuo kimoja cha Houston hukutana uwanjani mara moja kila mwaka, na juma la mechi hiyo watu wazima wenye ofisi na wajukuu hutundika bendera kwenye magari na kuacha kusalimiana. Sisi Wakenya tuliambukizwa. Katika makundi yetu ya simu, watu wa Houston walituambia kwamba tumejaa majivuno na foleni za magari. Watu wetu waliwajibu kwamba timu yao inafaa kuogelea, kwa jinsi mji wao unavyofurika. Yalikuwa mazaha.

Lakini mechi ilikuwa ncha tu ya mkuki. Mpini ulishikwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga ule uwanja kwa viatu vya kuchezea. Ni matajiri waliosoma katika vyuo hivyo, au wanaotamani kuonekana kama waliosoma, nasi kwetu tungewaita wapiga jeki. Sheria za michezo za wakati ule zilikataza kabisa mchezaji kulipwa, na zilikataza mfadhili kumpa chochote kijana anayetafutwa na chuo, au mzazi wake. Wafadhili waliijua sheria hiyo kama kasisi anavyojua amri kumi, na wengine waliitii kwa namna hiyohiyo. Mama mmoja alipata nyumba ya kupanga kwa kodi isiyoeleweka. Baba mwingine alipewa cheo katika kampuni ya kuezeka mapaa ingawa hakuwahi kupanda ngazi. Kila upande ulifanya hivyo, na kila upande uliweka macho ya kuutazama upande wa pili ukifanya hivyo, ili uushitaki. Mfadhili aliyeshindwa kumpata kijana alijitahidi mshindani wake asimpate. Ninavyoona mimi, uhasama wa vyuo hivyo viwili uliishi humo zaidi ya uwanjani: katika kutoa kwa siri na katika kufichua siri ya mwenzako. Mabao yalikuja baadaye.

Rafiki yangu alikuwa na mdogo wake Houston, karani wa kampuni ya mabomba, mtu mwungwana, mcheshi, aliyevaa fulana ya chuo cha kule hata kanisani. Alitaka sana mtoto wa kaka yake akasome huko.

"Mlete kwangu, kaka," alisema kwa simu, nami nikisikia kwa kuwa kaka yake alipenda kuweka sauti hadharani. "Atakula ugali kila siku. Hapo kwako atakula zile takataka za mkebe."

"Huko kwako ataota ukungu. Mtoto abaki karibu, nimwone akicheza kisha niende kazini."

Kijana akakipa chuo cha kwetu neno lake. Kilichobaki ilikuwa siku ya kutia sahihi, ambayo kwa vijana wa kidato cha mwisho hapa ni kama siku ya posa. Angesoma miaka yote bila karo. Mama yake, aliyefanya kazi ya kutunza wazee majumbani, alianza kuzungumza juu ya kupunguza saa za kazi.

Rafiki yangu alifariki asubuhi moja baada ya zamu, katika maegesho ya hospitali aliyokuwa akiihudumia. Moyo ulisimama. Alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Wanaotujua wanajua kinachofuata. Nyumba ilijaa kila jioni, watu walileta masufuria ya pilau, maji ya chupa, viti vya kukunja, sala zikasaliwa. Ikaundwa kamati ya kumsafirisha marehemu nyumbani, nami nikafanywa mwenyekiti, kwa heshima ya mvi zangu na kwa sababu wengine wote walikuwa na zamu. Kumrudisha mtu Kenya ni gharama kubwa, na hakuna mjane anayeachwa aibebe peke yake. Tukaitisha mchango siku ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Haltom City.

Sasa ninafika penye jambo lenyewe, na ninaomba subira. Katika michango yetu, anayetoa hutangazwa. Mshereheshaji hulitaja jina lake, hutaja alichotoa, na juu ya yote hutaja uhusiano wake na marehemu: huyu ni binamu, huyu walisoma pamoja, huyu ni wa zamu yake. Asiye na uhusiano hutafutiwa. Hatupokei fedha za msiba kutoka kwa mtu asiye na jina la ujamaa. Ingekuwa kama kumwacha mgeni amesimama mlangoni. Na yote hurushwa moja kwa moja kwa simu, ili waliobaki nyumbani Kenya, na wenzetu wa miji mingine, waone kwamba mtu wao anazikwa kwa heshima.

Mshereheshaji wetu alikuwa muuguzi mwenzake marehemu, kijana wa maneno mengi. Alikuwa amefika katikati ya kazi yake wakati mlango ulipofunguka akaingia Mzungu mrefu, mwenye kofia pana mkononi na buti zilizopigwa rangi vizuri. Alikuja mbele polepole, akampa mjane mkono, akamshika kijana bega, akatoa bahasha. Kilichokuwamo kilitosha tikiti ya marehemu na za jamaa waliomsindikiza.

Mshereheshaji aliinama kumwuliza uhusiano wake. Mtu yule alisita. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaliona jambo ambalo wakati huo nililidhania kuwa haya ya mgeni. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mtu wa jamii ya chuo.

"Wapendwa!" mshereheshaji akapaza sauti. "Mnaona mambo? Huyu si mgeni! Huyu ni wa ukoo wa chuo anachoenda mtoto wetu! Baba amelala, lakini mtoto amekwisha kupata wajomba! Wajomba wenye buti! Mpigieni makofi ya kilo!"

Akinamama wakapiga vigelegele. Mtu yule akatabasamu bila kuelewa hata neno moja, akainua kofia yake, akainamisha kichwa. Kijana alikuwa ameketi karibu na picha ya baba yake, na hakuinua uso.

Kule Houston, mdogo wake marehemu alikuwa amebaki siku hiyo kupokea michango ya watu wa kule, na shughuli yetu alikuwa akiitazama kwenye runinga ya sebuleni. Jirani yake, Mmarekani, alikuja wakati huo na bakuli la chakula cha kufiwa, kama wafanyavyo wao. Alikaa kwa heshima. Alipomwona yule mtu wa kofia na kusikia vigelegele, aliuliza yule ni nani na kimesemwa nini. Mdogo wake marehemu, katika uchungu wake, alifurahi kuulizwa. Alimtafsiria kila neno. Alimwonyesha jinsi kaka yake alivyopendwa hata na wageni. Jirani akauliza tena jina la chuo. Akatajiwa.

Jirani huyo alikuwa mhitimu wa chuo cha Houston, naye pia alikuwa na marafiki.

Tulimsafirisha rafiki yangu. Mjane na mwanawe walimzika kwao mlimani, udongo ukiwa umelowa, wakarudi. Hawakuwa wamemaliza kufungua masanduku wakati watu wawili wa ofisi ya kusimamia kanuni za michezo ya chuo cha kwetu, mwanamke na mwanamume, vijana, wenye adabu, walipobisha mlango. Mjane aliniita. Walikuwa na mkanda wa mchango wetu kwenye kompyuta, umetafsiriwa kwa Kiingereza. "Wajomba wenye buti" ilikuwa imeandikwa chini ya picha kwa herufi nyeupe.

Niliwaeleza rambirambi ni nini. Nilieleza vizuri, hiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka mingi, kuwaeleza watu wasiojua. Nilisema kwamba fedha ya msiba hupewa aliyekufa, na kwamba walio hai huishika tu. Mwanamke aliliandika neno hilo, akaniomba nimtajie herufi zake. Kisha akaniuliza swali moja, bila ukali wowote.

"Je, bwana huyu angekuja kama mvulana asingekuwa mchezaji?"

Nilisema kwamba siwezi kuapa juu ya moyo wa mtu mwingine.

"Sisi tunalazimika kuapa," akasema.

Jibu hilo lilinikasirisha mno. Chuo kilikuwa kimeogopa. Houston walikuwa wamekwisha kulifikisha lalamiko kwa wakuu wa michezo, na njia ya kuepuka adhabu ilikuwa moja: familia irudishe thamani ya ilichopokea kabla ya siku ya kutia sahihi. Ikifanya hivyo, kijana ataruhusiwa kucheza. Isipofanya, nafasi yake itaondolewa. Hakuna aliyesema kwamba kijana amekosa. Walisema tu kwamba ni yeye atakayekosa nafasi.

Niliita kamati. Niliona njia wazi, nami hupenda njia zilizo wazi: tufanye mchango wa pili, turudishe kiasi kile, na jambo liishe. Wakanitazama kana kwamba nimetukana.

"Mzee," mshereheshaji akasema, macho yake mekundu, maana alikuwa amejilaumu kiasi cha kutokula, "tumchangie tajiri? Mtu ana kampuni, ana ng'ombe, ana helikopta, na mimi nimfanyie zamu mbili? Nitatangaza nini? 'Wapendwa, tajiri wetu amekaukiwa?' Tutachekwa mpaka Kitengela."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Mama mmoja mzee, aliyekuja kuwatembelea wanawe, alisema polepole kwamba rambirambi hairudishwi. Ukiirudisha, umemrudishia mwenyewe kifo, au umekiita kije tena kwako. Wengine waliokuwa na shahada na leseni za uuguzi walitikisa vichwa kumwunga mkono. Niliwaambia hiyo ni imani tu. Mjane ndiye aliyenijibu.

"Mzee wangu, ninakuheshimu. Zile fedha ziko chini ya ardhi na mume wangu. Nikizirudisha, nimemfukua."

Sikusisitiza. Nilikuwa nimekuwa naye kaburini kwa simu, kama tulivyofanya sote tulioshindwa kusafiri, na nilikuwa nimesikia udongo ukidondoka.

Yule mtu wa kofia nilimpigia simu mwenyewe. Nilitaka awaambie kwa maandishi kwamba alitoa kwa huruma. Karani wake alinipokea mara ya kwanza, na mara nyingine zote nilizungumza na mashine.

Siku ya kutia sahihi ilikuwa karibu wakati shemeji wa mjane, yule mdogo wake marehemu, alipokuja kutoka Houston. Aliendesha gari peke yake, akaingia bila ile fulana yake, amevaa koti la mazishi. Mjane alimpa chai na hakumtazama. Ilikuwa imejulikana tayari mkanda ulitokea kwa nani. Mimi nilikuwapo kwa kuwa mjane alitaka awepo mtu mzima wa upande wake. Kijana alikuwa jikoni akiosha vyombo, mlango ukiwa wazi.

"Shemeji," alianza, "Mungu anajua sikumpa mtu kitu chochote. Nilikuwa namsifu kaka yangu."

"Ulimsifu kwa Kiingereza."

"Jirani aliniuliza. Amekuja na chakula cha msiba, aniulize nisijibu?"

Shemeji akanywa chai, akaweka kikombe, akasema kilichomleta. Kulikuwa na watu Houston, watu wazuri, waliosikia habari hiyo na kuhuzunika. Walikuwa tayari kurudisha ile thamani yote kwa niaba ya familia, kwa njia ambayo haitaonekana. Kijana atakuwa safi. Na akiwa safi, ataweza kusoma popote, hata Houston, karibu na baba yake mdogo, ambaye kwa desturi ndiye baba yake sasa.

Nilimwuliza kama watu hao wazuri ni haohao waliopeleka lalamiko.

Alikunja ncha ya kitambaa cha meza.

"Kwa hiyo," mjane akasema, "wa kwanza alimnunua mwanangu kwa jeneza. Wa pili wanamnunua kutoka kwa wa kwanza. Na wewe, shemeji, umekuja kama nani? Dalali?"

"Nimekuja kama damu yake! Mnataka akose vyote viwili? Kaka yangu angetaka hivyo? Mzee, wewe mtu wa serikali, mwambie! Mwambie kwamba mtoto anapotea hivi hivi kwa ajili ya maneno ya wazee!"

Nitasema nilichosema, ingawa hakikusaidia kitu. Nilisema kwamba kosa halisafishwi kwa kosa la pili, na kwamba malipo ya siri ya Houston yatakuwa malipo kweli, wakati yale ya Haltom City hayakuwa. Nilisema kwa ufasaha. Shemeji alisimama akasema kwamba mimi ninaweza kumudu ufasaha kwa kuwa si mwanangu. Mjane akamwambia atoke. Alitoka. Aliiacha chai yake nusu, na tangu siku hiyo familia hizo mbili hazijaketi meza moja. Kaka mmoja amezikwa, na aliyebaki hana kaka wala mtoto wa kaka.

Siku ya kutia sahihi, vijana wenzake waliketi nyuma ya meza ndefu katika ukumbi wa michezo wa shule, kila mmoja na kofia ya chuo chake mbele yake, wazazi nyuma wakipiga picha. Yeye alikwenda. Alikaa na watazamaji na akawapigia makofi.

Chuo cha kwetu kilimpiga yule mfadhili marufuku kuhudhuria mechi kwa msimu mmoja. Chuo cha Houston hakikumtaka kijana ambaye jina lake liko kwenye jalada. Mwaka huo Houston walishinda ile mechi. Watu wa redio walisema walinzi wetu walimpa mrusha mpira wao muda mwingi mno wa kufikiri. Kama kijana wetu angempunguzia muda huo, sijui, na sidai nisilolijua. Ninachodai ni kwamba mtu fulani huko Houston aliiangalia mechi hiyo akijua alichokifanya na akaridhika, na mtu fulani wa kwetu alikasirika kwa kushindwa, na katika kuridhika na kukasirika kwa watu hao wawili hapakuwa na nafasi hata ndogo ya mjane wa Mansfield, ambaye wakati huo alikuwa ameongeza saa za kazi.

Kisha sheria zikabadilika. Sasa wachezaji wa vyuo hulipwa mchana kweupe. Wafadhili wameunda mifuko yenye nembo na wanasheria. Magazeti huchapisha bei ya kijana wa kidato cha mwisho kama yanavyochapisha bei ya ng'ombe, na vyuo viwili hivyo vinashindana kwa mifuko hadharani, na watu wanauita ushindani huo afya ya mchezo. Yule mtu wa kofia ni mmoja wa wakuu wa mfuko wa chuo cha kwetu. Nimemwona kwenye runinga akizungumzia kusaidia familia. Nilizima, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la Texas mpaka binti yangu akaja kuniuliza kama nimeugua.

Kijana alisoma kidogo kidogo katika chuo cha jamii cha karo ndogo, na sasa anafanya kazi katika kituo cha mazoezi ya viungo hapa karibu. Huwanyanyua wazee waliovunjika nyonga. Wanampenda, mikononi mwake hawaogopi kuanguka. Mimi mwenyewe goti langu limenipeleka kwake, na siku za miadi hunipitia kwa gari lake.

Asubuhi moja ya juma la ile mechi tulikuwa njiani, bendera zikipepea kwenye magari pande zote mbili. Nilikuwa nimepokea jibu la chuo, na nilikuwa nikimsomea kwa hasira, pamoja na rasimu ya barua nyingine niliyokusudia kuipeleka ngazi ya juu zaidi. Kwa kawaida watoto wetu hujibu kwa Kiingereza. Yeye alinijibu kwa Kiswahili cha baba yake, kizito kidogo, kwa kukitafuta.

"Babu, ngoja. Unajua walikosea wapi?"

Nilimwambia ninajua: walilikosea neno, wakaikosea sheria, wakakosea utaratibu.

"Hapana. Wote. Wale wa chuo, ankoli, mama, hata wewe na kamati." Alisimama kwenye taa nyekundu, akaangalia mbele. "Mlikuwa mnaongea sebuleni, mimi nilikuwa hapo jikoni. Hakuna mtu aliniuliza. Siku ile pale kanisani, kama mtu angekuja aniambie, 'Ukichukua hii bahasha hutacheza tena, lakini baba atafika nyumbani,' ningesema sawa. Ningechukua mwenyewe kwa mkono wangu. Ingekuwa mimi ndio nimempeleka."

Taa ikageuka kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Sasa sijampeleka," akasema. "Ilichukuliwa tu."

Nilikuwa nimewaandikia watu wengi wakubwa katika maisha yangu, na wengine walinijibu. Nilikunja zile karatasi na kuziweka chini, miguuni. Alipofika kituoni alizunguka upande wangu, akafungua mlango, akaweka mkono mmoja chini ya kwapa langu na mwingine kiunoni, kama anavyowafanyia wote.

"Polepole, Babu," akasema. "Weka uzito kwangu."